Makamanda, tusicheke ndege zetu zinapozuiwa

Juni 2025, Umoja wa Ulaya ulipotangaza kwamba kampuni zote za ndege zenye cheti cha Tanzania haziruhusiwi kuruka kwenye anga lake, kundi letu la WhatsApp la tawi liliwaka moto. Vicheko juu ya vicheko. Mmoja akaandika, "Si walitupigia kelele na ndege zao? Haya sasa." Sifichi, na mimi nilituma kicheko changu.

Baada ya dakika kadhaa kamanda mmoja wa Karatu, ambaye anaishi kwa kuendesha watalii, akaandika: "Mnaocheka, wageni wangu wanaruka na kampuni hizo hizo. Wakighairi, mimi nakula nini?"

Kundi likanyamaza.

Nimekaa na swali lile muda mrefu, na leo nasema jambo ambalo baadhi yenu halitawafurahisha. Kwenye suala la ATCL tumekuwa na hoja za kweli, lakini tumezitumia kivivu. Ndege ikikamatwa, tunashangilia. Hasara ikitangazwa, tunasema "wananchi hawali ndege" halafu tunaendelea na mada nyingine. Hicho ni kijembe tu, sera hatujaitoa. Na kijembe hakimjibu yule kamanda wa Karatu.

Tuanze na tunachokijua. ATCL ilizaliwa mwaka 1977, baada ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kusambaratika. Mwaka 2002 serikali iliuza asilimia 49 ya hisa kwa South African Airways, mwaka 2006 ikazirudisha. Desemba 2008 shirika likanyang'anywa cheti cha kuruka kwa muda. Kufikia mwaka 2016 lilikuwa jina tu. Hapo ndipo Awamu ya Tano ikaanza kununua ndege kwa fedha taslimu: Bombardier mbili Septemba 2016, Dreamliner ya kwanza Julai 2018, kisha Airbus A220. Baadaye zikafuata ndege ya mizigo na Boeing 737 MAX. Kila moja ikitua inapokelewa na ngoma, viongozi na magari ya zimamoto ya kuimwagia maji kama bwana harusi.

Sasa tusome vitabu vya hesabu. Kwa ripoti za CAG, mwaka wa fedha 2022/23 ATCL ilipata hasara ya Sh bilioni 56.6. Mwaka 2023/24 hasara ikapanda hadi Sh bilioni 91.8. Gawanya kwa siku 365, unapata kama Sh milioni 250 kila siku inayokwenda kwa Mungu, ikiwemo Jumapili na Idd. Hiyo ni kodi yako wewe unayepanda ndege Dar kwenda Mwanza, na ya bibi yako Kahama ambaye hajawahi kuiona ndege kwa karibu.

Wengi wetu tunaishia hapo. Mimi naomba tuendelee, tuulize kwa nini.

Kwanza, umiliki. Ndege hizi zilinunuliwa na serikali na kuwekwa chini ya Wakala wa Ndege za Serikali, halafu ATCL ikakodishwa. Matokeo yake, kila mwenye kesi na serikali ya Tanzania alijua mali ya serikali ataikuta imeegeshwa wapi. Mwaka 2017 Tundu Lissu alitoboa kwamba Bombardier yetu imezuiwa Canada kwa sababu ya deni la mkandarasi wa barabara. Badala ya nchi kuambiwa deni lilikujaje, lawama zikarudi kwa wanasiasa. Ndege ikafika Aprili 2018. Agosti 2019 Airbus ikashikiliwa Johannesburg kwa madai ya mkulima ambaye mali zake zilitaifishwa zamani. Mwaka huo huo nyingine ikashikiliwa Canada. Kisha ikaja kesi ya kampuni ya Sweden iliyofutiwa mradi wa sukari Bagamoyo, na A220 nyingine ikazuiwa Uholanzi.

Angalia orodha hiyo vizuri. Barabara, shamba, sukari. Hakuna hata kesi moja hapo iliyotokana na rubani au mhudumu wa ATCL. Shirika lilikuwa linalipia maamuzi ya ofisi nyingine, yaliyofanywa kwa amri na bila kuheshimu mikataba. Hiyo ndiyo hoja yetu kubwa, na tumeipoteza kwa kucheka.

Pili, upangaji. Chukua mtu anayeanza biashara ya bodaboda. Ana pikipiki tano, kila moja ya kampuni yake. Spea hazifanani, fundi wa hii hajui ile, moja ikilala hakuna ya kuiazima kifaa. ATCL ina Dash 8, A220, 737 MAX, 787 na 767 ya mizigo, na jumla ya ndege zote haifiki 20. Rubani wa Airbus hawezi kuamka asubuhi akaendesha Boeing bila mafunzo na idhini ya aina hiyo. Fundi vivyo hivyo. Injini za A220 zilipoanza kusumbua, na nakiri tatizo lile lilikuwa la dunia nzima wala si kosa la ATCL, ndege zikaegeshwa na ratiba ikavurugika. Shirika dogo lenye aina nyingi za ndege halina pa kujishikiza siku kama hizo. Swali halali ni hili: mpango wa biashara uliosema tununue aina hizi, kwa idadi hii, kwa njia hizi, uko wapi? Nani aliusoma kabla ya fedha kutoka?

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, usalama. Desemba 2024 Ulaya iliiorodhesha ATCL peke yake. Miezi sita baadaye ikawa nchi nzima, na sababu zilizotajwa zilimgusa msimamizi: upungufu wa wataalamu wenye sifa, na usimamizi dhaifu wa shughuli za urukaji na wa ubora wa ndege zenyewe. Kwa lugha ya mtaani, hapa hajafeli dereva mmoja wa basi. Limefeli dawati la ukaguzi pale stendi, kwa hiyo mabasi yote yanatiliwa shaka, hata ya yule anayebadilisha matairi kwa wakati.

Marufuku ile haizuii ndege kuruka Arusha kwenda Zanzibar. Lakini sheria ya Ulaya inamtaka anayeuza safari amwambie mteja ni kampuni gani itambeba. Mtalii anayepanga fungate Serengeti akisoma hivyo, anaanza kuuliza maswali. Anayeumia kwanza ni kamanda wetu wa Karatu, mpishi wa kambi na mama anayeuza mboga hotelini. Waziri ataendelea kulala vizuri.

Na kama bado unaona hili ni jambo la kuchekesha, kumbuka Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua. Walikuwamo watu 43. Walikufa 19. Waliofika mwanzo kuokoa ni wavuvi na mitumbwi yao. Usalama wa anga hauulizi kadi ya chama.

Kuna wenzetu watasema dawa ni kuiua ATCL au kuiuza yote. Sikubaliani nao. Ethiopian Airlines ni mali ya serikali kwa asilimia 100, imekuwa ikiruka tangu 1946, na ina chuo chake cha marubani na mafundi pamoja na karakana inayohudumia hata ndege za mashirika mengine. Nchi ile imepita ufalme, mapinduzi na vita, shirika likabaki. Kwa hiyo serikali kumiliki ndege si dhambi. Dhambi ni kununua ndege kwa ajili ya picha ya kampeni, halafu fundi na mkaguzi wakabaki chenji.

Basi tubebe nini badala ya vicheko? Mimi napendekeza mambo matatu, kila tawi liyajue kama linavyojua wimbo wa chama.

Moja, mpango wa biashara wa ATCL na mikataba ya ununuzi na ukodishaji wa ndege iwekwe wazi bungeni. Fedha ni za umma, siri ni ya nini?

Mbili, bodi na mkurugenzi wapatikane kwa ushindani, wapewe malengo yanayopimika, na wasiondolewe kwa simu ya usiku. Shirika liendeshwe na wanaojua ndege.

Tatu, mamlaka ya usafiri wa anga ipewe wakaguzi wa kutosha, mishahara ya kuwabakiza, na uhuru wa kuizuia hata ndege ya serikali isiruke. Nunua ndege moja pungufu, ajiri wakaguzi. Hili peke yake lingetusaidia kutoka kwenye ile orodha mapema kuliko hotuba kumi.

Mgombea wetu yeyote akija kwenye tawi lako akasema "wananchi hawali ndege", mpigie makofi, halafu nyoosha mkono umuulize: wewe ukipewa nchi kesho asubuhi, hizi ndege zilizopo utazifanyaje? Akikosa jibu, mwambie akajiandae arudi. Tunaomba kuendesha nchi, na nchi ina shirika la ndege, tulipende tusilipende.

Yule kamanda wa Karatu nilimpigia simu wiki ile ile, nikamwomba radhi. Akaniambia, "Radhi nimepokea, kaka. Sasa niletee hoja ya kuwaambia madereva wenzangu hapa kijiweni." Nimeandika haya kwa ajili yake. Yabandikeni na kwenye makundi yenu.