Masika: Mvua Kwetu, Machozi Naitiri

Likitajwa neno masika, mtu wa pwani hana haja ya kuuliza maana. Ni zile mvua kubwa zianzazo Machi na kuendelea hadi Mei, kaskazi ikisha kulegea na kusi ikianza kushika. Mkulima wa Kwale na wa Pemba huyangojea majira hayo jembe mkononi, na nahodha mwenye akili hatweki tanga kabla ya kutazama mawingu. Binti aliyezaliwa siku hizo aliweza kupewa jina la Masika, akakua nalo bila ya mtu kumuuliza sababu. Leo jina hili ni adimu kwetu. Waweza kupita mitaa mingi ya Mombasa na Unguja usimsikie mama akimwita Masika wake.

Lakini yeyote afuataye habari za Bunge la Kenya amelisikia. Spika wa Bunge la Taifa aliyechaguliwa mwaka 2022, mzaliwa wa Bungoma, ni Moses Masika Wetang'ula. Wako wenzetu waliolisikia jina hilo wakasema, "Kumbe hata bara wanatumia majina yetu!" Hapo yafaa tusimame kidogo. Jina hilo la Bungoma halikutoka kwetu. Limefanana na letu kwa sauti tu.

Tuchukue Naitiri kwa mfano. Ni mji mdogo wa Tongaren, kaunti ya Bungoma, katika nchi ya mahindi iliyo kusini ya Kitale. Zamani mashamba ya huko yalikuwa ya walowezi wa Kizungu. Katika miaka ya 1960 yakagawanywa wakapewa Waafrika, na wengi wa waliohamia walikuwa Wabukusu. Majina ya Wabukusu yamefungamana na shamba na safari za maisha. Mtoto wa mvua huitwa Wafula akiwa mwanamume, Nafula akiwa mwanamke. Wa mavuno ni Wekesa na Nekesa. Wa njaa ni Wanjala na Nanjala. Wa kiangazi ni Simiyu na Nasimiyu. Wa nzige ni Wasike na Nasike. Na aliyezaliwa njiani ni Wangila na Nangila. Basi anayedhani kwamba Masika wa Naitiri ni mtoto wa mvua na ajue kuwa mvua huko imekwisha kupata jina lake.

Kwa Kibukusu, kamasika ni machozi. Neno hili lina ndugu zake hata ng'ambo ya mpaka, maana Waganda nao machozi huyaita amaziga. Mtoto huitwa Masika azaliwapo wakati wa msiba, nyumba imejaa watu na macho yangali mekundu. Wabukusu, kama sisi, hawamziki mtu wao wakatawanyika siku ile ile. Akifa mzee mwenye heshima huwa na kikao kiitwacho kumuse, ambapo msemaji aliyebobea husimama mbele ya halaiki, akatembea huku na huko, akataja nasaba, akawausia walio hai. Mtoto akishuka duniani katika siku kama hizo, kilio cha uzazi na kilio cha mauti husikika katika uwanja mmoja. Kumwita Masika ni kuiweka tarehe ya msiba ule, na ni kumkumbuka aliyeondoka kila aitwapo aliyekuja.

Wala si kila Masika alizaliwa kilioni. Ni desturi ya Wabukusu kuwarithisha watoto majina ya wazee waliokwisha kufariki. Mtoto akilia bila ya kunyamaza, hutajiwa majina ya wahenga mpaka atulie kwa mojawapo. Tena tangu zilipoingia shule, makanisa na vitambulisho, jina la ubatizo limetangulia mbele, na la kuzaliwa likarudi nyuma likawa la pili au la ukoo. Hivyo mtoto aliyezaliwa wakati wa mavuno, kwa vigelegele, aweza kuandikwa Masika kwa kuwa ndilo jina la babake. Machozi yalikuwa ya watu wa kale. Waliobaki wamelirithi jina.

Na yuko Masika wa tatu. Katika nchi za milima ya Rwenzori, kwa Wakonjo wa Uganda na Wanande wa Kongo, hilo ni jina la binti lifuatalo mpango wa kuzaliwa, mfano wa Mosi na Pili zetu. Neno moja limepita nchi tatu, na kila mahali lina wazazi wake. Mwenye kulifasiri kwa lugha yake peke yake atakuwa amesema uongo juu ya watu bila ya kukusudia.

Msomaji huenda akauliza, yatuhusu nini haya? Yatuhusu sana. Vijana wa Bungoma na Kitale tunaishi nao pwani, kazini na mitaani, na miongoni mwao wako wanaosilimu. Wako pia Waislamu wa huko huko magharibi, kwani dini ilifika Mumias pamoja na wafanya biashara wa Kiswahili tangu enzi za Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949. Mgeni wa dini akisha kutoa shahada, mara nyingi jambo la kwanza aambiwalo ni jina. Avue lile, avae hili. Husemwa kwamba Masika si jina la Kiislamu. Akilieleza maana, husemwa kwamba hilo ni baya zaidi, ni jina la msiba. Wengine hupita mpaka wakalifuta na jina la babake, wakamwandika bin Abdallah.

Hili la mwisho ndilo zito, na ndilo tulianzie. Katika Suratul Ahzab Mwenyezi Mungu ameamrisha watu waitwe kwa baba zao. Sayyidna Umar alisilimu akabaki kuwa bin Khattab, na Khattab hakuwa Mwislamu. Ikiwa Masika ni jina la mzazi, basi hapana sheikh wala mwalimu awezaye kulifuta. Mwana wa Masika ni mwana wa Masika, msikitini na mahakamani, katika ndoa na katika mirathi.

Ama jina la mtu mwenyewe, mwendo wa Mtume, rehema na amani zimshukie, wajulikana. Masahaba waliingia katika dini na majina waliyopewa na wazazi wao wa zama za ujahili. Bilali alibaki Bilali na Khalid akabaki Khalid. Yaliyobadilishwa yalikuwa yale yenye maana mbaya au yenye kumfanya mtu mja wa asiyekuwa Mungu. Binti aliyeitwa Asiya kwa maana ya mwenye kuasi, alimwita Jamila. Na alipomjia mtu aitwaye Hazn, yaani ardhi ngumu, alimpa jina la Sahl, lenye maana ya wepesi. Yule bwana akakataa kuliacha jina alilopewa na babake. Athari ya ugumu ule ilikuja kusimuliwa na mjukuu wake, Said bin Musayyab, lakini Hazn mwenyewe hakulazimishwa. Alishauriwa, akaachiwa.

Sasa, je, machozi ni maana mbaya? Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na akawabainishia waliostaajabu kwamba machozi yale ni huruma. Nabii Yaakub macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya Yusuf, na Kurani haikumtia aibuni. Chozi la kumlilia maiti bila ya kukufuru halina lawama. Jina lenye kulihifadhi chozi hilo haliwezi kuwa na lawama kuliko chozi lenyewe.

Na sisi wenyewe tumsute nani? Katika nyumba zetu za pwani, zilizosomewa maulidi vizazi kwa vizazi, wamo akina Mashaka, Tabu, Shida, Sikujua, Siwazuri na Mtumwa. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kumuusia binti yake Mwana Hashima, hakuitwa kwa Kiarabu. Kupona ni neno letu, na hapana mwanachuoni aliyemwambia kwamba amepungukiwa na uislamu. Muyaka bin Haji wa Mombasa naye jina lake halikutoka Makka. Tukiwasamehe wazee wetu kwa kuwa ni wetu, tukamvua mgeni lake kwa kuwa ni mgeni, hapo hatuitetei dini. Twaupendelea ukoo.

Tena majina husafiri pande zote mbili. Huko Bungoma utawakuta wengi waitwao Barasa, nalo ni baraza letu la Kiswahili: mtoto alizaliwa siku chifu alipowakusanya watu. Utawakuta na akina Juma wasiowahi kuingia msikitini hata siku moja. Walipolipokea Juma hawakulitaka lisilimu wala libatizwe. Walilikaribisha, likawa la kwao.

Rai yetu ni hii. Mwenye kusilimu asikabidhiwe jina kabla ya kuulizwa lake lina maana gani, na maana hiyo atoe yeye au watu wa kwao, si sikio letu. Likiwa na shirki au matusi, abadilishe. Likiwa safi, akipenda mwenyewe kuitwa Abdurrahman, jina zuri mno hilo, na aitwe. Akipenda kubaki Masika, abaki kwa heshima yake, na jina la babake lisiguswe kamwe. Na wazazi wa pwani watakaojaliwa binti mvua zikinyesha, wasione haya kulirudisha Masika letu siku ya akika. Ni jina la rehema. Mvua ni rehema. Ila wamfundishe binti huyo mapema kwamba anaye wajina wake Naitiri aliyeitwa hivyo kwa ajili ya marehemu, ili siku watakapokutana asimcheke, bali ampe mkono wa pole.