Ubongo wa Mtoto Njiti na Nafasi ya Mama Wodini

Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025, yaliyomwongezea likizo mama anayejifungua mtoto njiti, yanaweza kuonekana kuwa ni suala la ajira pekee. Hata hivyo, hatua hiyo inagusa moja kwa moja jambo ambalo watafiti wa afya wamelifuatilia kwa miongo kadhaa: namna ubongo wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati unavyokua.

Ubongo hukua kwa kasi kubwa katika wiki za mwisho za ujauzito. Katika wiki ya 34, uzito wake ni takriban theluthi mbili tu ya ule unaofikiwa wiki ya 40, na mikunjo yake bado inajengeka. Mtoto njiti hulazimika kuikamilisha kazi hiyo nje ya tumbo la mama, huku mishipa midogo ya damu kichwani mwake ikiwa dhaifu na rahisi kupasuka. Baridi, upungufu wa oksijeni na maambukizi, mambo ambayo mtoto aliyetimiza miezi huyahimili zaidi, kwake huweza kuacha ulemavu wa kudumu.

Malezi ya kangaruu, yaani kumweka mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, yalianzishwa mwaka 1978 mjini Bogotá, Colombia, na Dkt. Edgar Rey, kutokana na uhaba wa vifaa. Watoto walioshiriki utafiti mjini humo katika miaka ya 1990 walichunguzwa tena baada ya miaka 20. Waliolelewa kwa njia hiyo walikuwa na utulivu zaidi wa tabia, na baadhi ya sehemu za ubongo wao zilikuwa kubwa zaidi. Tofauti katika vipimo vya akili ilikuwa ndogo, na haifai kukuzwa kupita kiasi.

Uzito mkubwa zaidi uko katika utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) nchini Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021. Kati ya watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8, vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0 kwa walioanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, na asilimia 15.7 kwa waliosubiri hadi hali zao zitengemae. Utafiti ulisitishwa mapema kwa kuwa faida ilikuwa dhahiri. Mwaka 2022, WHO ilipendekeza malezi hayo yaanze mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kila siku.

Saa hizo haziwezekani iwapo mama amelazwa wodi nyingine na mtoto yuko chumba cha uangalizi maalumu. Kwa hiyo, kitanda cha mama ndani ya chumba hicho ni sehemu ya tiba, sawa na mashine ya oksijeni.

Likizo, kwa upande wake, humfikia mwajiriwa. Mama mkulima au mchuuzi wa sokoni hana mwajiri wa kumwombea ruhusa, naye huwategemea ndugu. Katika utafiti wa nchi hizo tano, mama aliposhindwa, msaidizi aliyemchagua ndiye aliyembeba mtoto kifuani.