Wasia Haujiandiki

Wazee wetu wengi, wakikaa barazani baada ya Isha, hawakosi kusema: "Nataka kuandika wasia." Hawasemi uongo, nia wanayo, na cha kuusia hakikosekani. Walisema Ramadhani iliyopita, wakasema na hii. Kila wakirudi makaburini kumzika mwenzao huazimia upya, na azma hiyo haifiki alfajiri.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikwisha tuambia kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia haimfai kupitisha masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa. Sahaba Ibn Umar alipoyasikia hayo hakulala tena usiku hata mmoja bila wasia. Sisi tumelala miaka! Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha deni liandikwe. Tunaisoma kwa tajwidi nzuri, tunafunga msahafu, kisha tunakopeshana kwa kupeana mikono tu.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Bwana anafariki, ameacha duka. Ndani ya droo mna daftari lililoandikwa kwa penseli: "Mw. K. 60." Sitini nini? Elfu au magunia? Alikuwa anadai au anadaiwa? Mwenye kujua yuko ardhini. Tanga halijaondoka, wadai wamekwisha fika mmoja baada ya mwingine, wala hajatokea hata mtu mmoja wa kusema, "Marehemu alikuwa akinidai." Mjane anapekua chini ya godoro akitafuta hati ya kiwanja, na watoto wa mke mkubwa wanamtazama kama mwizi. Ndugu waliokula sinia moja leo hawasalimiani.

Na hapa siwezi kunyamazia pilau ya arobaini. Sheria imepanga: mali ya maiti hutolewa gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wapate mafungu yao. Sisi tunaanza na kuchinja ng'ombe! Deni halijalipwa, mayatima wana haki yao ndani ya fedha ile ile, nasi tunainua mikono yenye mafuta kumwombea marehemu. Dawa ya deni ni kulipa, ndugu zangu. Pilau hailipi deni.

Najua ninasema na watu wema. Ninyi ndio mliojenga misikiti kwa kuchangishana, mnaolea watoto wa ndugu zenu bila kuombwa. Watu wa namna hii washindwe na karatasi moja? Wako wanaoogopa kwamba kuandika wasia ni kujiitia mauti. Wangapi tumewazika ambao hawakuandika hata neno? Wengine wanangoja mali iwe nyingi kwanza. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii matumbo yatakayoumia ni ya watoto wako.

Basi chukua karatasi. Andika unaowadai na wanaokudai, kiasi na tarehe, na hati zako ziko wapi. Mafungu ya warithi Mwenyezi Mungu amekwisha yagawa, usiyaguse. Waite mashahidi wawili waadilifu watie saini. Penye utata mwulize kadhi. Karatasi yenyewe mkabidhi mwaminifu, na mlioko Tanzania Bara, wakala wa serikali, RITA, hupokea wasia na kuuhifadhi. Fanya usiku huu, usingoje Ijumaa.