Meja Mshindo na makaburi ya Kaboya: kwa nini Goma inatuhusu

Wasikilizaji wetu wa Bukoba na Muleba wengi mnaifahamu Kaboya. Hapo wamezikwa wanajeshi wetu waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979.

Tarehe 25 Julai 2013, Siku ya Mashujaa iliadhimishwa kitaifa hapo Kaboya, Rais Jakaya Kikwete akiiongoza. Taifa lilikuwa na msiba mwingine: siku 12 kabla, walinda amani wetu 7 waliuawa Darfur, Sudan. Mwezi mmoja baadaye, 28 Agosti, ikaja habari ya Meja Khatibu Mshindo wa JWTZ, aliyeuawa katika mapigano karibu na Goma, Kongo.

Alikwenda kufanya nini?

Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda brigedi maalumu kwa ajili ya Kongo. Ilikuwa na wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Walinda amani wa kawaida hukaa katikati ya wanaogombana na hufyatua risasi wanaposhambuliwa. Brigedi hii ilipewa ruhusa ya kuwafuata waasi na kuwapokonya silaha. Ndiyo maana maofisa nao walikuwa mstari wa mbele. Oktoba 27 mwaka huo Luteni Rajabu Mlima naye aliuawa, huko Kiwanja. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Novemba, M23 wakatangaza kuacha vita.

Je, damu hiyo ilipotea bure?

Swali hili ni zito, kwa sababu Desemba 2017 wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, Kivu Kaskazini, na Januari 2025 M23 waliiteka Goma. Kwa maoni yetu, askari alitimiza kazi aliyotumwa mwaka 2013. Kilichobaki kilikuwa kazi ya wanasiasa: ardhi, madini, wakimbizi na uhusiano wa nchi jirani. Bunduki haiwezi kuyamaliza hayo.

Kagera tunalijua jambo hili kuliko mikoa mingi. Mwaka 1978 Idi Amin alivuka mpaka, daraja la Kyaka likavunjwa, watu wakakimbia wakiacha migomba na ng'ombe. Mwaka 1994 Ngara ilipokea mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Moto wa jirani hauchelewi kufika kwetu.

Tofauti ni moja. Waliolala Kaboya walikufa wakilinda nyumba zetu, na kila mtu anaelewa. Meja Mshindo alikufa akilinda nyumba za watu ambao wengi wetu hatutawaona. Familia yake inastahili heshima ileile. Siku ya Mashujaa ikifika, tuwasimulie watoto habari za hao wa Kaboya, kisha tulitaje na jina lake.