Faraja si ruhusa, lakini kumnyima mgonjwa faraja kunaua



Mwaka 1973, miezi michache baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuhalalisha utoaji mimba, wanawake wawili wa huko, Joyce Farmer na Lyn Chevli, walitoa kitabu cha katuni kiitwacho Abortion Eve. Ndani yake wamo wanawake 5 ambao majina yao yote yanatokana na Eva, yaani Hawa. Wanakutana kliniki, wanaelezwa habari za miili yao, na wanaliwazana. Mwaka 2017 kilitoka kingine cha aina hiyo, Comics for Choice, chenye visa vilivyochorwa na wachoraji wengi. Uamuzi ule wa mahakama ulifutwa mwaka 2022, lakini vitabu vya namna hii havikufutika nao.

Kama Muislamu, sikubaliani na kitabu kinachomtuliza mtu mpaka asijiulize tena halali na haramu. Qur'an imetukataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara (17:31). Wanazuoni wamekubaliana kuwa mimba ikishapita siku 120, roho ikawa imeshapulizwa, kuitoa ni haramu, na wengi wa zama hizi wamevua hali ya kuokoa uhai wa mama. Kabla ya hapo wametofautiana, na wapo waliozuia tangu mwanzo.

Hata hivyo, katika jambo moja watu wale wametushinda: wanamkalisha mwanamke na kumweleza mwili wake bila kumtukana. Sisi je?

Niliwahi kumpokea mama wa watoto wanne, ameletwa na mama mkwe wake, eti ana malaria. Homa ilikuwa kali, tumbo halishikiki. Nilimwomba mama mkwe atupishe. Ndipo mgonjwa akaninong'oneza kuwa siku tatu nyuma alichokonolewa kwa kijiti cha muhogo. "Tabibu, usimwambie mtu." Alhamdulillah, tulimuwahisha hospitali ya wilaya akapona. Siku zile tatu alizozipoteza hazikuwa za kukosa nauli. Zilikuwa za kuogopa ndimi zetu.

Ndugu msomaji, mimba ikiwa imetoka, iwe kwa kuharibika yenyewe au kwa kutolewa, dalili hizi si za kusubiri hata usiku mmoja: damu inayolowesha pedi mbili kwa saa moja, kwa saa mbili mfululizo, homa au kutetemeka, uchafu wenye harufu mbaya ukeni, maumivu makali ya tumbo, kizunguzungu au kuzimia. Mpelekeni hospitali mara moja. Kazi ya tabibu pale ni kutibu na kutunza siri, na mwenye mgonjwa asianze kwa kuuliza nani kafanya nini. Toba ina mlango wake, lakini huingiwa na aliye hai.

Rai yangu kwa masheikh, maustadhati na wauguzi wetu ni kwamba nasi tuandike kitabu chetu chenye picha. Kieleze hukumu bila kuipunguza, dalili za hatari bila kuzificha, na rehema ya Mwenyezi Mungu kwa mwenye kurejea Kwake. Kumfariji mgonjwa si kumruhusu alichofanya. Tukimwachia aibu peke yake, faraja ataitafuta kwa wengine, au atakufa akiitafuta.

Wabillahi tawfiq.