Mfumo Ukibadilishwa, Upimwe Upya

Maabara inapofunguliwa asubuhi, kabla ya damu ya mgonjwa yeyote kuingizwa mashineni, mtaalamu hupima sampuli ya udhibiti ambayo majibu yake yanajulikana. Majibu yakitoka nje ya mipaka, mashine husimamishwa. Hakuna anayelalamika kwamba muda umepotea. Inasikitisha kwamba nidhamu hiyo bado haijadaiwa kwa uzito uleule kwenye kompyuta za mapokezi, famasia na wodi, ilhali nazo sasa hushiriki katika uamuzi wa tiba.

Katika vituo vya umma nchini, mifumo kama GoT-HOMIS hubeba usajili, vipimo, dawa na malipo, na takwimu huwasilishwa wizarani kupitia DHIS2. Mifumo ya aina hii hubadilishwa mara kwa mara: huja fomu mpya, bei mpya, mwongozo mpya wa tiba. Kila badiliko laweza kuharibu kilichofanya kazi jana. Kwa sababu hiyo wahandisi wa programu wana majaribio ya marudio, yaani kupima upya mambo ya zamani kila linapoongezwa jipya. Yakifanywa kwa mkono huchosha, na kinachochosha huachwa. Yakiandikwa ili kompyuta iyaendeshe yenyewe, mamia ya maswali hujibiwa kwa dakika chache.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwa mtoto wa Lizaboni au Bombambili, mjini Songea, aliyeletwa na malaria. Dawa mseto ya ALu hutolewa kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge 1, kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 2, kilo 25 hadi chini ya 35, vidonge 3, kuanzia kilo 35, vidonge 4, mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Tuseme mfumo humpendekezea tabibu dozi, na mwandishi wa programu, akirekebisha jambo jingine kabisa, akageuza “chini ya 15” kuwa “15 au chini yake”. Skrini haitaonya. Mtoto wa kilo 15 kamili atapewa nusu ya dozi, na kosa litajulikana homa itakaporudi. Majaribio mawili tu, la kilo 14.9 na la kilo 15, yangelinasa kosa hilo kabla halijafika Songea.

Hofu hii si ya kubuni. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi ya kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Sehemu ya programu yake ilirithiwa kutoka mashine za awali. Kosa mojawapo lilikuwamo pia katika Therac-20, lakini huko vizuizi vya umeme na chuma vilizuia madhara. Vizuizi vilipoondolewa, kosa la zamani likapata njia.

Wapo watakaosema kuwa gharama ni kubwa na wataalamu ni wachache. Uchache huo ndio hasa unaodai kompyuta ibebe kazi ya kurudia, ili watu wabaki na kazi ya kufikiri. Ni kweli pia kwamba jaribio hunasa lile tu lililoandikwa. Hivyo maswali hayawezi kuachiwa waandishi wa programu peke yao. Mfamasia anajua mipaka ya dozi. Muuguzi anajua mama aliyefika bila kadi, majina mawili yanayofanana, na umeme uliokatika katikati ya usajili. Maarifa hayo yakusanywe na kugeuzwa majaribio. Kila hitilafu inayoripotiwa iwe jaribio jipya la kudumu, ili isirudi kimyakimya.

Kwa hiyo toleo jipya la mfumo lisipokewe hospitalini bila taarifa inayoonyesha majaribio yaliyofanyika na matokeo yake, kama vile maabara isivyotoa majibu kabla ya udhibiti wa ubora. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika tiba, ukuta unaobomoka huwa na mgonjwa chini yake.