Kodi ya majengo: mzee hahitaji wakili, anahitaji dirisha



Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia mita za umeme za LUKU. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 nyumba ya kawaida inalipiwa Sh1,500 kwa mwezi, yaani Sh18,000 kwa mwaka. Ni utaratibu mwepesi, ila mita haijui umri wa mwenye nyumba.

Sheria inamsamehe mzee wa miaka 60 na zaidi kwa nyumba anayoishi, lakini msamaha hauji wenyewe, sharti uombwe. Nyumba yenye mita mbili nayo inaweza kukatwa mara mbili hadi mwenyewe atoe taarifa.

Musoma, Bunda hadi Butiama, nasikia watu wakishauriana watafute wakili. Kwa Sh18,000? Ada yake itameza kodi ya miaka mingi. Wakili anamfaa mwenye hoteli au majengo mengi, anayefikisha shauri lake Bodi ya Rufani za Kodi. Mzee wa kawaida aandike barua, aambatanishe nakala ya kitambulisho cha NIDA na namba ya mita. Akikwama, amwone msaidizi wa kisheria. Huduma hiyo ni bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Ombi langu: TRA, TANESCO na halmashauri wafungue dirisha la pamoja walau siku moja kila mwezi kwenye ofisi za kata, wapokee maombi haya na kuyajibu kwa maandishi. Wapangaji nao waelezwe kwamba mdaiwa wa kodi hii ni mwenye nyumba, si wao.

Mkazi wa Nyasho,
Musoma